Chumba Ambacho Sikuingia

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mwiko wala toroli. Foremani wa Idara ya Majengo ya serikali alinipa nyundo ndogo ya mpini mfupi, akaniambia nigonge kuta. Ilikuwa nyumba ya ofisa mmoja wa serikali hapa Kakamega mjini, nyumba ya zamani ya vyumba vitano, na ofisa alitaka jiko lipanuliwe. Mimi nilikuja nimevaa suruali iliyopigwa pasi, nikidhani nitajenga. Niligonga kuta tangu saa mbili asubuhi hadi wenzangu walipokaa kula chakula cha mchana, na Foremani akinifuata nyuma, mikono mgongoni, akiniuliza nimesikia nini.

Sikusikia kitu. Nilisikia nyundo. Niliendelea baada ya chakula, na kufikia saa kumi ndipo masikio yalipoanza kufunguka. Ukuta wa tofali hujibu kwa sauti kavu, fupi. Ukuta wa udongo uliopigwa plasta ya saruji hujibu kwa sauti nzito iliyofifia, na mahali plasta imeachana na udongo unasikia uwazi. Huku kwetu kuna nyumba nyingi sana za namna hiyo: nguzo na fito, udongo katikati, halafu plasta na rangi juu. Ukipita barabarani utaapa ni ya mawe. Fundi akiamini rangi, amekwisha.

Nilipomwambia Foremani kwamba ukuta wa jiko ni wa kugawa tu, yaani unatenganisha vyumba na haubebi paa, aliniuliza nimeugonga kutoka wapi. Nikamwonyesha.

"Na upande ule mwingine?"

Nikasema ukuta si ni ule ule.

"Kijana, wewe unaharakishanga wapi?" akasema. "Ukuta uko na pande mbili. Upande mmoja ukikuambia kitu, zunguka uulize wa pili. Usibomoe kabla hujaingia vyumba vyote."

Nilizunguka. Upande wa pili, nyuma ya kabati la vyombo, kulikuwa na nguzo ya mawe iliyobeba boriti ya paa. Foremani alikuwa anajua tangu asubuhi. Hakunisifu wala kunigombeza, alikwenda kunywa chai yake.

Ninaandika haya kwa sababu ya binti yangu Muhonja. Amefungua biashara ya kurekebisha nyumba: kupanua sebule, kubadilisha jiko, kuweka taili, siling ya jipsam, vitu ambavyo watu wa mji huu wanavitaka siku hizi. Alisomea ujenzi chuoni, akafanya kazi na makandarasi Kisumu na Eldoret, amerudi nyumbani na mashine zake na mafundi wawili. Aliniomba nimwandikie nusu ukurasa kuhusu kazi yangu ya zamani, auweke kwenye tangazo lijalo la wateja. Nusu ukurasa! Nimekaa na kalamu siku tatu, mgongo unauma, na nusu ukurasa imekataa kutosha. Basi ninyi vijana mnaoingia kazi hii someni yote, na mkichoka kusoma, mjue mimi nilichoka zamani kuyabeba.

Baada ya miaka minne mjini nilipelekwa Isecheno, kituo cha msitu, kutunza nyumba za mbao za wafanyakazi. Nilikuwa fundi wa daraja la tatu. Hapo nilijifunza mbao. Mbao haiozi kutoka pale unapoiona, inaoza kutoka chini inapogusa unyevu, na mvua ya Isecheno haina aibu, inakuja kila alasiri kama mtu aliyealikwa. Inspekta wa Majengo alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi. Alikuwa mtu mnene mwenye kupenda utani, lakini akifika kwenye nyumba alikuwa anapiga magoti na kudunga mbao za chini kwa bisibisi, moja baada ya nyingine, hata kama amevaa suti. Bisibisi ikizama, mbao imekufa. Aliwahi kuniambia kwamba fundi asiyechafua magoti hajakagua nyumba, amepita tu kusalimia.

Nilikuwa mzuri. Hilo nitalisema mwenyewe kwa sababu wanaoweza kulisema wengi wamelala. Nilipandishwa hadi daraja la pili kabla ya wenzangu, na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba. Nikiwa Isecheno nilioa, mke wangu kwao ni karibu na Mukumu. Kule ukweni walikuwa wanajivunia mkwe wa serikali, fundi wa nyumba. Nikifika, watu wa boma walikuwa wananionyesha nyufa za kuta zao jinsi watu wanavyomwonyesha daktari vidonda.

Mama mkwe alikuwa mjane. Nyumba yake ilikuwa ya udongo iliyopigwa plasta ndani na nje, mabati juu, na baba mkwe ndiye aliyeijenga kwa mikono yake. Msichana wake wa mwisho alikuwa amepata mchumba, wageni wa mahari walikuwa wanakuja, na sebule ilikuwa ndogo. Watu wangekaa wapi? Mama akatuma neno kwa mke wangu: mkwe aje avunje ukuta kati ya sebule na chumba chake cha kulala, ili sebule iwe kubwa. Yeye angehamia chumba cha nyuma.

Sasa, wasomaji wa mbali wanielewe. Kwetu mwanamume haingii chumba cha kulala cha mama mkwe. Hata mkono hampi. Mnasalimiana kwa mbali, kila mmoja akitazama pembeni, na mkikutana njiani mmoja anapisha. Si chuki, ni heshima, na wengi wetu tunaishika mpaka leo. Siku niliyofika na vyombo vyangu, kitanda cha mama kilikuwa bado hakijahamishwa. Kwa hiyo chumba kilikuwa bado ni chumba chake.

Niligonga ukuta kutoka sebuleni. Ulijibu kama ukuta wa kugawa, mwembamba. Nikaangalia juu nikaona boriti imepita salama upande wangu. Mlango wa chumba ulikuwa na pazia. Nilisimama mbele ya lile pazia na nyundo mkononi, na sauti ya Foremani niliisikia vizuri kabisa. Mke wangu alikuwa amesimama hapo karibu. Akaniuliza, "Niingie nikuangalilie upande wa pili?"

Lilikuwa jambo rahisi. Angeingia, angeangalia, angeniambia kuna nini. Lakini mimi nilikuwa fundi wa daraja la pili, na wajomba zake walikuwa wameketi uani wakinitazama kupitia mlangoni. Nilimwambia yeye anajua nini kuhusu kuta, aende awasaidie wenzake jikoni. Akaenda.

Nilitangaza kwamba wote watoke nje, wakatoka. Mama mkwe naye nilimwona akielekea jikoni. Nikaanza kukata kwa tindo na nyundo kubwa. Udongo ulitoka kwa urahisi. Nilipofika urefu wa mlango hivi, nilisikia kitu kikiteleza upande ule mwingine, halafu mlio wa mbao, halafu mabati yakashuka pembeni kwa kishindo. Halafu nikasikia mama akilia chumbani.

Alikuwa amepitia mlango wa nyuma kurudi kuchukua vitambaa vya meza. Aliviweka chini ya kitanda, alitaka wageni wakute meza imevaa. Nami nisingeweza kumwona, kwa sababu nilikuwa nimejitahidi kabisa nisitazame huko.

Nitasema sehemu hii upesi. Tundu nililokata lilikuwa linatosha mtu kupita. Mama alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, chini, boriti imelala juu ya nyonga na mguu wake. Na mimi nilisimama. Vumbi lilikuwa limejaa, alikuwa ananiita mkwe, mkwe, nami nilisimama pale nje ya chumba kwa sababu kilikuwa chumba cha mama mkwe. Sijui ni muda gani. Mke wangu alinipita akikimbia, akageuka akanipigia kelele: "Ingia!"

Nikaingia. Niliinua boriti. Ndipo nilipoiona nguzo. Baba mkwe aliisimamisha kabla hajafa, wakati boriti ilipoanza kulegea. Ilikuwa nene kama paja, imeegemea ukuta ule niliouvunja, na chini ilikuwa imeliwa na mchwa, hivyo mzigo wote ulikuwa umelalia ukuta. Haikufichwa na kabati wala nguo. Mtu yeyote ambaye angefungua pazia angeiona.

Kwenye hospitali ya misheni walimtunza vizuri sana, lakini mfupa wa nyonga ya mtu wa umri ule hauungi kama wa kijana. Siku ya tatu nilikwenda kumwona. Nilisimama miguuni pa kitanda nikitazama dirisha, naye akatazama ukuta. Nilianza kusema kwamba nilikosa. Alinikatiza.

"Mkwe, ile nguzo ilikuwa na mchwa," akasema. "Wakiuliza, ni mchwa. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia.

Alijua alichokuwa anafanya. Mkwe aliyemwangushia mama mkwe nyumba angekalishwa mbele ya ukoo, angetozwa, angesemwa vilabuni na makanisani, na mke wangu angeishi katikati ya maneno hayo maisha yake yote. Basi ikawa mchwa. Mchwa walikuwepo, ni kweli. Lakini walikuwa wamekaa hapo miaka na nyumba ilikuwa imesimama. Aliyeleta nyundo ni mimi. Mama alitembea kwa fimbo tangu siku hiyo mpaka tulipomzika. Muhonja, ambaye wakati ule alikuwa hajazaliwa, alikua akimletea kukhu wake, yaani nyanya yake, ile fimbo, na hadithi aliyoijua ni ya mchwa.

Nikahamishiwa Matete, nikawa foremani mwenyewe. Huko nilijulikana kwa tabia moja iliyowaudhi watu: nilikuwa naingia kila chumba. Nyumba ya mkuu gani sijui, nitagonga chumba chake cha kulala. Mkuu mmoja wa idara fulani alinishtaki kwa Msimamizi wa Majengo wa wilaya kwamba sina adabu, nimemkuta mkewe amepumzika. Msimamizi aliniita, akaniuliza kwa nini sianzi sebuleni kama binadamu. Nikamwambia sebule husema uongo. Alicheka mpaka akavua miwani, na mimi sikucheka. Kwenye nyumba za wakwe, wangu au wa mafundi wangu, sikukubali kazi. Nilisingizia shughuli. Watu walidhani ni heshima imezidi, wakanisifu kwayo, na kila sifa ilinichosha zaidi ya kubeba kokoto.

Nilistaafu baada ya miaka thelathini na minne. Nilipewa saa ya ukutani na chai kwa mikate. Magoti yameisha, kifua kina vumbi la saruji ambalo haliwezi kutoka, na masikio ndiyo yaliyobaki mazima. Nikilala mchana mahali pageni bado nasikia ukuta upi ni wa nini. Mtu angedhani kustaafu ni kuyaweka mambo chini. Mimi niliweka chini vyombo tu.

Sasa juma lililopita Muhonja aliniletea tangazo lake nilisome. Lingesomwa kanisani Jumapili baada ya mahubiri, halafu litumwe kwenye simu za watu. Aliliandika vizuri. Alieleza kwamba mteja hana haja ya kubomoa nyumba ya wazazi wake ili akae vizuri, kwamba ile ile inaweza kufunguliwa, kupewa mwanga, jiko jipya, sakafu mpya, na kazi itaanza kwa ukaguzi. Halafu nikafika mstari huu: "Tunaongozwa na Mzee wetu, fundi wa miaka thelathini na minne, ambaye hakuna nyumba aliyoigusa ikaanguka."

Nilimwambia autoe. Akacheka, akasema Baba, hapa ndipo biashara ilipo, watu wananijua mimi kama mtoto wako, mwanamke anayebomoa kuta wanamwogopa, jina lako ndilo litakalowafanya wafungue mlango. Alikuwa anasema kweli. Amekopa, amewaacha makandarasi waliomlipa, na mji huu hautampa nafasi mbili. Nikimwacha na ule mstari, anapata wateja. Nikiutoa bila sababu, atauliza. Nikitoa sababu, anabaki na baba mwingine. Nilikaa na karatasi magotini mpaka chai ikapoa.

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia yote kama nilivyoandika hapa, hata pale niliposimama. Mama yake alikuwa anachambua mboga mlangoni, ametupa mgongo. Nilipofika kwenye nguzo mikono yake ilisimama.

Muhonja hakunitazama. Alimwuliza mama yake, "Wewe ulijua?"

"Nilimwambia nimwangalilie," mke wangu akasema.

Ni hayo tu. Miaka yote hiyo hajawahi kuyatamka, na alipoyatamka hakuinua sauti. Heri angeiinua. Muhonja alichukua karatasi yake akaondoka bila kuaga, na siku mbili hakupiga simu. Nilijiambia nimemharibia kazi na kumbukumbu ya kukhu wake kwa pigo moja. Nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauisaidii.

Jumapili nilikwenda kanisani kwa sababu mke wangu alinitolea koti bila kuniuliza. Katibu alisoma matangazo ya kawaida, harambee, mkutano wa akina mama, halafu akasoma la Muhonja. Mwanga, jiko, sakafu. Nikangoja ule mstari. Haukuwepo. Mahali pake palikuwa na maneno haya, na katibu aliyasoma polepole kwa kuwa hakuyatarajia: "Hatuvunji ukuta kabla ya kuukagua pande zote mbili. Tutaomba kuingia kila chumba. Pale ambapo heshima ya kwetu hairuhusu fundi mwanamume kuingia, nitaingia mimi mwenyewe, na nitakachosema ndicho mafundi watakachofuata. Baba yangu alijifunza hili kwa kuumia, akanifundisha."

Kukawa na minong'ono upande wa akina mama wazee. Nilitazama sakafu. Mke wangu, aliyekuwa amekaa karibu nami, alisogeza kitabu chake cha nyimbo katikati yetu ili tusome pamoja, ingawa mimi macho yangu hayasomi tena maandishi madogo na yeye anajua.

Mteja wa kwanza alipiga simu Jumatatu. Ni mdogo wa marehemu mama mkwe, mjane pia, anakaa ng'ambo ya kijito kutoka boma lile. Hakuniomba mimi. Aliuliza kama yule binti anayeingia vyumbani angeweza kuja, anataka sebule ipanuliwe. Muhonja alinipitia na gari lake la kazi bila kusema mengi. Aliniambia tu nibebe tindo yangu ya zamani.

Kwa desturi huyo naye ni mama mkwe kwangu. Tulisalimiana kwa mbali, yeye akitazama migomba, mimi nikitazama viatu. Kisha akasema, bado akitazama migomba, kwamba dada yake alimwambia ukweli siku nyingi, na kwamba alimwambia pia mkwe ni mtu mzuri ila hapendi kuuliza. Halafu akaniletea kiti.

Niliketi sebuleni kando ya ukuta, tindo mkononi. Niliugonga upande wangu. Ulijibu kama wa kugawa, mwembamba, ungekubali kuvunjwa hata sasa hivi. Muhonja alifungua pazia akaingia. Nilimsikia akisogeza kitu kizito, akipiga magoti, kisha nyundo yake ikaanza upande ule: kavu, kavu, nzito. Akagonga tena pale pale.

"Baba," akaita kutoka ndani, "huku kuna nguzo."

Nikaiweka tindo chini.